Kupima umri wa mfupa wa kale kwa kaboni-14, na wa jivu la volkano mfupa unapozidi miaka 50,000

Katika mfupa wa mnyama aliyekufa leo, kati ya atomi trilioni moja za kaboni ni moja tu hivi iliyo kaboni-14. Baada ya miaka 5,730 nusu yake imekwisha kuoza, baada ya miaka 11,460 imebaki robo, na ukifika miaka 50,000 imebaki sehemu moja kati ya mia nne na ushei. Hicho ndicho unachokwenda kukihesabu, na kila kitu kinachokizunguka, yaani udongo, mizizi, jasho la mkono, gundi na karatasi ya kufungia, kina kaboni yake.

Fanya hesabu hii kabla ya kugusa kitu. Mfupa wenye umri halisi wa miaka 40,000 ukiingiliwa na kaboni ya leo kwa asilimia moja, mashine itasoma takriban miaka 32,800. Umepoteza zaidi ya miaka 7,000 kwa uchafu usioonekana kwa macho. Uchafu uleule kwenye mfupa wa miaka 5,000 hukosesha miaka 70 hivi tu. Na kitu kisicho na kaboni-14 hata chembe, kama makaa ya mawe, kikichanganyika na kaboni ya leo kwa asilimia moja, kitaonekana kina miaka 37,000. Ndiyo maana tarehe za miaka 30,000 hadi 40,000 hutazamwa kwa jicho kali kuliko nyingine zote. Mashine za sasa hazikosei sana. Tarehe mbovu nyingi huharibikia shimoni, kwenye mfuko wa sampuli, au kwenye chupa ya asidi.

Shimoni

Chagua mfupa mnene: gamba gumu la fupa la paja au la muundi, mzizi wa jino, au ule mfupa mgumu kama jiwe ulioshika sikio la ndani. Acha ncha zenye matundu kama sifongo, kwa sababu hupitisha maji na mboji kwa urahisi, na kolajeni yake, yaani protini ya mfupa ambayo ndiyo utakayoipima, huondoka mapema. Mfupa ulioungua ukawa mweusi umepoteza sehemu kubwa ya kolajeni. Ulioungua hadi ukawa mweupe hauna kolajeni kabisa. Huo hupimwa kwa njia nyingine, na hata hivyo hubeba sehemu ya kaboni ya kuni zilizouchoma.

Mfupa wenye alama za kisu, au uliokutwa viungo vyake vikiwa bado vimeshikana, una thamani kuliko kipande kilichozagaa. Viungo vilivyoshikana ni ushahidi kwamba mnyama alizikwa akiwa na nyama, hakuhamishwa na panya wala maji kutoka tabaka jingine. Kumbuka unachopima ni wakati kiumbe kilipokufa. Kama kilikufa kabla ya moto, ukuta au kaburi unalolitafutia umri, tarehe yako itakuwa sahihi na jibu lako litakuwa si sahihi.

Makaa ya kuni yana mtego huohuo. Kiini cha mti mkubwa kiliacha kupokea kaboni miaka mia kadhaa kabla mti haujakatwa, na kwenye magofu ya pwani boriti ya mkoko yaweza kuwa ilitolewa nyumba ya zamani ikaezekea mpya. Ukiwa na punje ya mtama au mpunga iliyoungua, iache boriti upime punje, kwa sababu iliishi msimu mmoja tu. Shanga za ganda la yai la mbuni nazo ni nzuri sana kwenye maeneo ya joto ambako mifupa imeliwa na ardhi.

Vaa glavu. Toa mfupa kwa mwiko safi, ufunge kwenye karatasi ya aluminiamu, kisha mfuko wa plastiki. Lebo ya karatasi ikae nje ya mfuko, kamwe isigusane na mfupa. Usiweke pamba. Usipake gundi wala dawa ya kuimarisha. Gundi nyingi za plastiki zimetokana na mafuta ya petroli, hazina kaboni-14, nazo huuzeesha mfupa. Gundi ya ngozi au kwato huupotosha kwa umri wa mnyama aliyetengenezewa gundi. Ikibidi kabisa kupaka ili fuvu lisivunjike, ondoa kwanza kipande cha kupimwa, na uandike jina la dawa uliyotumia. Mfupa wenye unyevu uachwe ukauke kivulini kabla ya kufungwa, maana ukungu ukiota humo unaongeza kaboni ya mwaka huu.

Anza kuomba kibali cha kusafirisha sampuli mapema, kabla ya uchimbaji. Maabara yenye mashine ya kuhesabu atomi za kaboni-14 barani Afrika ni chache. iThemba LABS ya Johannesburg ni mojawapo. Sampuli nyingi za Afrika Mashariki huvuka mpaka.

Kujua kama kolajeni ipo

Mfupa mbichi una kolajeni asilimia 20 hivi ya uzito wake. Joto huila, na huku kwetu hula haraka. Mfupa wa miaka 3,000 kutoka nyanda za joto unaweza kuwa mtupu wakati wa miaka 30,000 kutoka pango la Ulaya bado umejaa. Kwa hiyo usikate gramu nzima ya mfupa wa thamani kwa kubahatisha. Toboa kwa drili ndogo ya meno, pata miligramu 5 za unga, upime nitrojeni. Nitrojeni ikifika asilimia 0.7 au zaidi kuna matumaini mazuri. Ikiwa 0.2, rudisha mfupa kwenye kabati na utafute kitu kingine.

Endesha drili polepole. Ikizunguka kwa kasi huunguza kolajeni, nawe utanusa harufu ya nywele zinazoungua. Ukiinusa, punguza kasi.

Kutoa kolajeni

Vyombo vyote vya kioo vichomwe kwenye tanuri kwa nyuzi 500 kwa saa kadhaa ili kaboni iliyoganda juu yake iishe. Kisha andaa vimiminika vitatu. Asidi hidrokloriki ya 0.5 M (M ni moli kwa lita): mimina mililita 42 za asidi kali ya asilimia 37 ndani ya maji yaliyosafishwa, ujazie hadi lita moja. Asidi ndiyo iingie kwenye maji, usigeuze, na ufanye kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta hewa. Sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M: gramu 4 kwa lita. Maji ya pH 3: mililita 2 za ile asidi ya 0.5 M katika lita ya maji.

Kwangua uso wote wa mfupa kwa drili mpaka uone rangi moja safi, kata gramu 0.5 hadi 1, uvunje vipande vya milimita chache. Watu wengi husaga unga wakidhani kazi itakwenda haraka. Inakwenda haraka kweli, lakini kolajeni iliyochoka huyeyuka pamoja na madini na kumwagwa. Vipande vinakuonyesha pia kinachoendelea: mfupa mzuri huacha nyuma umbo lake lilelile, laini na linalopenyeza mwanga, kama kipande cha gamba la kitunguu kilicholowa. Ukikuta matope chini ya mrija badala ya umbo, kolajeni imekatikakatika.

Weka vipande kwenye mrija na mililita 10 za asidi. Vitatoa povu, ambalo ni hewa ya ukaa kutoka kwenye chokaa ya mfupa, kwa hiyo usifunge kifuniko mpaka povu litulie. Badilisha asidi kila siku au mara mbili kwa siku. Mfupa imara huchukua siku mbili hadi wiki. Ukiwa dhaifu, fanya kwenye jokofu la nyuzi 4 na uvumilie. Povu likiisha na vipande vikibonyea kwa ncha ya kijiti cha kioo, suuza kwa maji mara tatu.

Sasa haidroksaidi, dakika 30 kwa joto la chumba. Hii inaondoa asidi za mboji zilizoingia kutoka udongoni. Kimiminika kitageuka rangi ya chai. Kikigeuka, kimwage, weka kingine, urudie mpaka kibaki cheupe, lakini ukiona vipande vinaanza kupungua, acha hapohapo: haidroksaidi inakula kolajeni yenyewe. Suuza tena mara tatu.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahauliwa zaidi kuliko zote. Kimiminika chochote cha haidroksaidi hunyonya hewa ya ukaa kutoka chumbani, na hiyo ni kaboni ya leo. Kwa hiyo rudi kwenye asidi ya 0.5 M kwa dakika 15 au 30, kisha suuza. Anayeruka hatua hii huwa na mfupa safi wa udongo na mchafu wa hewa.

Mimina maji ya pH 3, ufunge mrija, uweke kwenye joto la nyuzi 70 hadi 75 kwa saa 20. Kolajeni itayeyuka kuwa jelatini na uchafu usioyeyuka utabaki chini. Usipandishe joto zaidi ili uwahi, kwa sababu minyororo ya protini itakatika na kupotea kwenye chujio. Chuja kwanza kwa chujio la kawaida, kisha kwa chujio laini la kiwango cha kilodaltoni 30 (kipimo cha uzito wa molekuli), linalobakisha minyororo mirefu na kupitisha vipande vidogo ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyobeba uchafu. Vichujio hivi laini hutoka kiwandani vimepakwa gliserini ili visikauke, na gliserini ni kaboni. Vioshwe kwa maji ya moto na kwa mitikiso ya mawimbi ya sauti, mara kadhaa, kabla ya kupitisha jelatini.

Gandisha, kisha kausha kwenye ombwe kwa siku mbili. Utapata kitu cheupe, chepesi, kama sufi. Kikiwa na rangi ya kahawia au kinanata, bado kina mboji.

Pima sasa mambo matatu. Uzito wa kolajeni uwe angalau asilimia 1 ya mfupa ulioanza nao. Kaboni yake iwe kati ya asilimia 35 na 45 hivi. Na uwiano wa atomi za kaboni kwa nitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6. Huu wa tatu ndio hakimu wenyewe. Mboji ina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, kwa hiyo uwiano ukipanda hadi 4 ujue unapima udongo. Kataa sampuli hiyo, hata kama umeisubiri miezi na hata kama tarehe inayokuja inafanana na unayoitarajia.

Kutoka jelatini hadi grafiti

Miligramu 2.5 za kolajeni hutoa miligramu moja hivi ya kaboni. Zitie kwenye mrija wa kwatsi pamoja na miligramu 100 hivi za oksidi ya shaba na kipande cha uzi wa fedha, vyote viwe vimechomwa kabla. Vuta hewa yote, ziba mrija kwa moto, choma nyuzi 900 kwa saa tatu au zaidi. Oksidi inatoa oksijeni ya kuunguzia. Fedha inanasa salfa na klorini. Ukiisahau fedha, salfa itakwenda kulemaza chuma kwenye hatua inayofuata, na utakaa saa nyingi ukitazama shinikizo la gesi lisiloshuka.

Hewa ya ukaa ikishasafishwa, ichanganye na haidrojeni mara mbili hadi mara mbili na nusu ya ujazo wake, juu ya unga wa chuma wa miligramu 2 hadi 5, kwa nyuzi 550 hadi 600. Chuma ni kichocheo. Kaboni huganda juu yake ikawa grafiti nyeusi, na maji yanayotoka hunaswa kwenye ubaridi wa barafu kavu. Shinikizo likishuka na kutulia kwenye kiwango ulichokipigia hesabu, kazi imekwisha. Likitulia mapema, si kaboni yote iliyogeuka. Isotopu nyepesi, yaani atomi za kaboni zenye uzito mdogo, hutangulia kugeuka, kwa hiyo grafiti ya nusu njia ina uwiano uliopotoka. Itupe uanze tena.

Mashine

Miligramu moja ya kaboni ya leo ina atomi za kaboni-14 milioni 60 hivi, lakini inaoza moja tu katika kila dakika 74. Ukitaka kusikia miozo 100,000 ili kosa lako lishuke hadi miaka 25, utakaa karibu miaka 14. Willard Libby, aliyeigundua njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, alihesabu miozo, ndiyo maana alihitaji gramu za kaboni. Tangu 1977 wanasayansi wamejua kuhesabu atomi zenyewe, na kazi ya miaka 14 sasa haifiki hata saa moja.

Grafiti hushindiliwa kwenye kikombe kidogo cha aluminiamu na kupigwa kwa sesiamu, atomi zake zikatoka zimebeba chaji hasi. Hapa ndipo ilipo siri ya njia nzima: nitrojeni-14, yenye uzito karibu sawa kabisa na kaboni-14 na iliyojaa hewani, haiwezi kushika chaji hasi ikadumu, hivyo inaachwa mlangoni. Kisha atomi hupewa kasi kubwa na kupitishwa kwenye gesi nyembamba inayovunja molekuli kama kaboni-13 iliyoshikana na haidrojeni, ambazo nazo zina uzito wa 14. Zinazobaki huhesabiwa moja moja.

Katika kila gurudumu la sampuli weka pia sampuli rejea ya asidi oksaliki ya pili, ambayo thamani yake inajulikana kuwa mara 1.3407 ya kaboni ya kisasa, na sampuli tupu. Sampuli tupu ya mfupa iwe mfupa wa zaidi ya miaka 50,000 uliopita chupa zilezile na asidi zilezile. Makaa ya mawe peke yake hayatoshi, kwa sababu hayakupitia chujio lako la gliserini.

Hesabu ni fupi. Ukishasahihisha kwa kaboni-13, chukua uwiano wa kaboni-14 ya sampuli kwa ile ya kaboni ya kisasa, tafuta logi asilia, zidisha kwa −8033. Uwiano wa 0.7000 unakupa miaka 2,865. Namba 8033 imetokana na nusu-uhai (muda wa nusu ya atomi kuoza) wa zamani wa Libby, miaka 5,568, unaotumika mpaka leo kwa makubaliano ili tarehe zote za zamani na mpya zilingane. Usiirekebishe mwenyewe. Na "sasa" ya tarehe hizi ni mwaka 1950, kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia hayajajaza hewa kaboni-14 mpya.

Miaka hiyo bado si ya kalenda, kwa kuwa kaboni-14 hewani imekuwa ikipanda na kushuka. Inabidi kulinganishwa na mkunjo uliojengwa kwa pete za miti na mashapo: IntCal20 kwa kaskazini ya dunia, SHCal20 kwa kusini, tofauti yake ikiwa miaka 36 hivi. Kwetu kusi na kaskazi hupokezana, na hewa za pande mbili huchanganyika, kwa hiyo tumia mkunjo uliochanganywa na useme umechanganya kwa kiasi gani. Aliyekula samaki wa baharini au chaza maisha yake yote ataonekana mzee kwa miaka mia kadhaa, maana maji ya kina kirefu hushika kaboni iliyokwisha kuzeeka. Kwa mifupa ya watu wa pwani tumia sehemu ya Marine20, mkunjo wa kaboni ya baharini, ukiongozwa na vipimo vya kaboni-13 na nitrojeni-15 vya kolajeni ileile. Kuna pia vipindi ambavyo mkunjo umelala kama meza. Tarehe ya karibu miaka 2,450 huweza kuangukia popote kati ya mwaka 750 na 400 KK hivi, na hakuna mashine ya kuliondoa hilo. Chapisha namba ya maabara, miaka kabla ya kusahihishwa na kosa lake, uwiano wa kaboni kwa nitrojeni, na jina la mkunjo, ili mwingine aweze kurudia hesabu mkunjo mpya utakapotoka.

Mfupa ukizidi miaka 50,000

Kaboni-14 inaishia hapo. Mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 hivi iliyopita, alipatiwa umri kwa mwanga uliohifadhiwa kwenye chembe za mchanga uliomzunguka. Kwenye Bonde la Ufa, ambako volkano zimetapika jivu kwa mamilioni ya miaka, unapima jivu lililo chini ya mfupa na lililo juu yake. Kimoja hakitoshi. La chini linasema mfupa hauzidi umri huu, la juu linasema haupungui.

Kinachopimwa ni potasiamu-40, yenye nusu-uhai wa miaka bilioni 1.25, ambayo sehemu yake hugeuka gesi ya argoni-40. Lava ikiwa moto gesi inatoroka, fuwele ikipoa inaifungia ndani. Mwaka 1961 njia hii iliipa Olduvai umri wa miaka milioni 1.75, miaka miwili baada ya Mary Leakey kuliona huko fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Vipimo vya fuwele mojamoja vimeusogeza hadi karibu milioni 1.84.

Chekecha jivu, chagua kwa hadubini fuwele za madini ya felspa zenye potasiamu nyingi, angavu, zisizo na madoa, za robo milimita hadi milimita moja. Zioshe dakika chache kwa asidi hidrofloriki hafifu ili kioo kilichoganda juu kitoke. Asidi hii hupenya ngozi hadi mfupani, usiiguse bila mafunzo na jeli ya kalisi kando yako. Fuwele hupelekwa kwenye kinu cha nyuklia pamoja na fuwele rejea za umri unaojulikana. Nyutroni hugeuza sehemu ya potasiamu-39 kuwa argoni-39, hivyo potasiamu na argoni hupimwa kwa gesi moja, kutoka fuwele moja, inapoyeyushwa kwa leza. Argoni ya hewa inatolewa kwa kupima argoni-36, ukijua hewani argoni-40 ni mara 298.56 ya hiyo.

Pima fuwele moja moja, angalau ishirini, usiziyeyushe kwa pamoja. Jivu likisombwa na mto huokota fuwele kongwe njiani. Ndivyo ilivyotokea kwa jivu la KBS huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, lililotangazwa mwaka 1970 kuwa na miaka milioni 2.6. Visukuku vya nguruwe vya chini yake vilifanana na vya mahali pengine vya umri mdogo zaidi, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi hadi vipimo vilipotulia karibu milioni 1.88. Kwa hiyo panga fuwele zako kutoka changa hadi kongwe. Zikijikusanya kwenye kundi moja changa na mkia wa chache kongwe, kundi ndilo umri wa mlipuko. Zikitawanyika bila kundi, usichukue wastani. Rudi kwenye tabaka, uchimbe jivu upande ambao halijachanganyika na mchanga wa mto, uanze upya.